Mtoto Anapimwa, Mama Je?

Wiki ya pili ya muhula huu tulikuwa tumekaa kimbwetani baada ya semina, watu saba hivi, tunasubiri jua lipungue ndipo twende kula. Jamaa mmoja, mcheshi wa darasa letu, akaanza stori ya rafiki yake anayetaka kuoa singo maza. "Mwambieni aache," akasema. "Hilo gari la mtumba, linakuja na kondakta wake tayari." Watu wakacheka hadi kushikana mabega. Na mimi nikacheka. Nataka ijulikane mapema: nilicheka, tena kwa sauti, ili nisionekane nimenuna.

Jioni nikapiga simu nyumbani, Katavi. Mama akampa mwanangu simu. Ana miaka mitano sasa. Akasema, "Shikamoo dada." Ananiita dada kwa sababu wadogo zangu wote pale nyumbani wananiita hivyo, na bibi yake anamwita mama. Nikaitika marahaba, nikamuuliza amekula nini, akasema ugali na dagaa, halafu simu ikakatika kwa vidole vyake. Nilibaki nimekaa kitandani, wenzangu watatu wa chumba wakipaka rangi kucha na kubishana kuhusu tamthilia. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba nina mtoto. Wakisoma jarida hili watajua.

Ukitaja Katavi hapa chuoni, watu wanajua mambo mawili: viboko wa hifadhini na mimba za utotoni. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012 ulipomegwa kutoka Rukwa, na haukuchukua muda kupata sifa hiyo ya pili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana ujauzito wa kwanza. Hakuna mkoa uliotuzidi. Kitaifa ilikuwa asilimia 27. Utafiti wa 2022 ulileta nafuu kidogo: waliowahi kupata ujauzito Katavi walikuwa asilimia 34, Songwe ikashika namba moja kwa 45, na kitaifa ikawa 22. Mwaka huo nilikuwa na miaka 19 na mtoto wa mwaka mmoja. Sikuhojiwa na mtu, lakini wenye hiyo 34 nawajua kwa sura.

Takwimu hizo zinahesabu mimba. Hazisemi kinachotokea ndani ya nyumba wageni wakishamaliza kuja kumwona mtoto. Hicho ndicho ninachotaka kukisimulia.

Kwetu ni kijijini, na shule niliyosoma ilikuwa Mpanda mjini, kwa hiyo baba alinipangia geto Makanyagio pamoja na mwenzangu mmoja. Waliosoma kama mimi wanalijua geto: chumba kimoja, jiko la mkaa mlangoni, gunia la mahindi kutoka nyumbani, na hakuna mtu mzima. Corona ilipoingia, shule zikafungwa tarehe 17 Machi 2020. Mwenzangu akarudi kwao. Mimi nikabaki mjini kumsaidia shangazi kuuza chakula sokoni. Kulikuwa na kijana wa bodaboda aliyekuwa anakula kwetu kila mchana. Sitasema mengi juu yake. Alikuwa ananibeba bure kurudi geto, ananinunulia vocha, na nilimpenda. Mwishoni mwa Juni shule zilifunguliwa, Agosti wasichana wote tukapimwa, na yangu ikaonekana. Nilikuwa kidato cha nne. Ilikuwa imebaki miezi mitatu tufanye mtihani.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanasema anayempa mwanafunzi mimba afungwe miaka 30. Kijana aliposikia hiyo 30 akauza pikipiki, akakimbilia machimboni, na mpaka leo sijamwona. Wazee wa pande mbili walikutana mara moja, wakamalizana wenyewe kwa wenyewe. Mimi sikuitwa kwenye kikao. Nilijua kimeisha nilipoona mbuzi wawili wapya zizini.

Nilijifungua Januari 2021 kwenye zahanati ya kijijini, salama, mtoto wa kike, kilo 3 na kidogo. Wiki ya kwanza nililia kila siku. Baadaye nilikuja kusoma kwamba kilio cha siku za mwanzo huwapata akina mama wengi na huisha chenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Changu hakikuisha, ila machozi yalikauka, kikabaki kitu kingine.

Nilikuwa naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Chakula kilikuwa kama udongo mdomoni. Nikimnyonyesha nilikuwa natazama ukuta. Pale ukutani palikuwa na kalenda ya mwaka uliopita, ya duka la pembejeo, na hakuna aliyeitoa. Nilikuwa naisoma Novemba 2020 siku baada ya siku, mwezi ambao wenzangu walifanya mtihani. Mtoto akinitazama, mimi simtazami. Sikuwa namchukia. Ilikuwa kama vile kuna mtu ameniomba nimshikie mtoto kidogo, halafu hakurudi.

Baba hakuwa anaongea na mimi. Nikimwamkia, anaitikia huku akiangalia kuku. Mama alikuwa anaongea, lakini ni maagizo tu: teka maji, anika mihogo, mtoto analia.

Usiku mmoja, mtoto akiwa na miezi mitano, alilia tangu saa tatu hadi saa nane. Nilimpa ziwa, akakataa. Nilimbeba, nikamlaza, nikambeba tena. Halafu nikamfinya paja. Nilimfinya kwa nguvu na kwa kusudi. Alikata sauti kwa mshtuko, akanitazama, kisha akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia. Asubuhi palikuwa na alama, nikamvalisha suruali. Mama akauliza mbona umemvalisha suruali na joto lote hili. Nikasema, mbu.

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Kwenye rasimu ya makala haya nimelifuta mara mbili. Nimelirudisha kwa sababu naamini yupo anayesoma hapa ambaye ana la kwake, na anadhani ni yeye peke yake duniani.

Mwezi wa saba mtoto alianza kukonda, na hapo majirani wakapata neno. Kwetu, na sehemu nyingine nyingi za Tanzania, mtoto anayenyonya akidhoofika watu husema amebemendwa: yaani mama yake amekutana na mwanaume kabla mtoto hajakua, tena pengine mwanaume asiye baba yake. Hospitali haina ugonjwa wa jina hilo. Mtoto hukonda kwa sababu hapati chakula cha kutosha, au kwa sababu ya maradhi kama kuhara na malaria. Lakini neno hilo lina kazi yake. Linaondoa swali la chakula cha mtoto na kuweka swali la tabia ya mama, na mama asiye na mume hana wa kumtetea. Jamani, wakati huo hakuna mwanaume aliyekuwa ananisogelea hata kwa hatua kumi! Bado nikiingia kisimani maongezi yanakatika.

Basi nikaacha kwenda kliniki. Anayeijua kliniki ya watoto atanielewa. Asubuhi mnakaa kwenye benchi kwa foleni, watoto wanavuliwa nguo, kila mmoja anatundikwa kwenye mizani mbele ya macho ya wote, kilo zinasomwa kwa sauti, na nukta inawekwa kwenye kadi. Nukta ikipanda unapongezwa. Ikishuka, benchi zima linakugeukia. Nilikosa miezi mitatu mfululizo. Chanjo ya surua, ile ya miezi tisa, ikatupita. Mtoto alikosa chanjo kwa sababu mama yake alikuwa anaogopa benchi.

Mwanzoni mwa Novemba alikuja nyumbani mama mmoja, mhudumu wa afya wa jamii pale kijijini. Nilijua amefuata kadi, na uongo wangu nilikuwa nimeshauandaa. Akakaa kwenye kigoda, akala karanga alizopewa na mama, akasubiri mama aende kisimani. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, unalala?"

Nikamwambia mtoto analala vizuri mchana, usiku ndiyo anasumbua.

"Sijauliza mtoto. Nimekuuliza wewe."

Miezi kumi ilikuwa imepita tangu nijifungue. Mwanangu alishapimwa uzito, joto, damu na urefu. Mimi sikuwa nimeulizwa hata mara moja kama nalala. Nilifungua mdomo kumjibu, sauti iliyotoka haikuwa neno. Nililia mpaka mtoto akaanza kucheka, akidhani ni mchezo.

Yule mama hakunipa dawa wala hakunihubiria. Alifanya mambo matatu. Kwanza, alizungumza na mama yangu nyuma ya nyumba kwa muda mrefu, na tangu usiku ule mtoto akishanyonya mara ya mwisho alikuwa analala kwa bibi yake, mimi nalala mpaka alfajiri. Pili, alinipitia siku ya kliniki, tukaenda wote, akakaa ubavuni kwangu. Nukta iliposhuka, watu wakageuka, na yeye akawatazama mmoja mmoja mpaka wakarudisha macho yao. Tatu, kila Alhamisi alikuja kula karanga na kuuliza swali lile lile.

Mama hakuwahi kuniomba radhi, na sidhani kama ataniomba. Ila alianza kupika uji wa mahindi na karanga kwenye sufuria kubwa, anajaza kikombe cha mtoto, kisha anajaza cha pili, ananisukumia bila kusema neno.

Baba alipoona ujio wa yule mama haukomi, akapandisha. "Mnataka kusema mwanangu ni kichaa? Basi mpelekeni Mirembe!" Nilikuwa ndani nikasikia. Nakumbuka nilichokishika kwenye sentensi ile yote kilikuwa "mwanangu". Ilikuwa zaidi ya mwaka sijaitwa hivyo.

Simlaumu sana baba kwa hiyo Mirembe. Wengi wetu tukisikia afya ya akili tunawaza kitu kimoja tu, mtu anayeokota makopo, na sehemu moja tu anakopelekwa. Sasa nasoma hapa Dodoma, na Mirembe ipo mjini hapa hapa. Ni hospitali. Watu wanaingia, wanatibiwa, wanarudi kwao. Lakini kati ya mtu mzima kabisa na mtu wa kulazwa Mirembe kuna eneo kubwa sana, na humo wanaishi mabinti wengi wenye watoto mgongoni. Wanapika, wanalima, wanaitika salamu. Hali yao ina jina, inaitwa sonona, na inatibika.

Tarehe 24 Novemba 2021 baba alikuwa na redio yake uani. Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Baba akaongeza sauti. Alisikiliza mpaka matangazo ya biashara, kisha akanitazama usoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Mwaka uliofuata nilirudi kidato cha nne, shule nyingine. Mama akabaki na mtoto. Yaliyofuata ni habari ya kawaida ya shule: mtihani, kidato cha tano na cha sita, mkopo, na Oktoba iliyopita nikaingia hapa.

Ningeweza kuishia hapo tukapiga makofi. Lakini nikiwaza vizuri, mlango wa shule ulinifaa kwa sababu ulipofunguliwa nilikuwa nimeshaanza kulala. Ungefunguliwa Juni, wiki ile ya suruali, ningesikia tangazo lile kama habari za nchi nyingine. Tunazungumza sana kuhusu kumrudisha binti darasani, na ni sawa. Tunazungumza kidogo sana kuhusu hali anayokuwa nayo kabla ya kufika darasani, na kuhusu mtoto anayelelewa na mtu wa hali hiyo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, wanawake karibu 16 kati ya 100 wakiwa wajawazito, na karibu 20 kati ya 100 wakishajifungua, hupata tatizo la afya ya akili, na kubwa kati ya hayo ni sonona. Hao ni akina mama wote, wenye waume na wenye kazi wakiwemo. Hebu ongeza umri wa miaka 17, kufukuzwa shule, baba anayeitikia akiangalia kuku, na neno kubemenda. Kuitambua hali hii hakuhitaji mashine. Tangu mwaka 1987 lipo dodoso lililotungwa Uskoti, maarufu kwa jina la Edinburgh, lenye maswali 10 tu kuhusu siku saba zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu, umekosa usingizi kwa huzuni. Ni maswali ambayo yangeweza kuulizwa kwenye benchi la kliniki wakati mtoto anasubiri mizani.

Serikali nayo ilizindua Desemba 2021 programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Moja ya nguzo zake ni malezi yenye mwitikio: mtoto akitoa sauti mzazi ajibu, akitazama atazamwe, kwa sababu ubongo wa miaka ya mwanzo hujengwa kwa mazungumzo ya namna hiyo. Nilipoisoma nguzo hiyo nilikumbuka kalenda ya ukutani. Mwitikio unatoka kwa mtu. Mtu huyo akiwa amezimika, unaweza kumpa mabango yote ya malezi bora na mtoto bado atatazama uso usiomjibu.

Najua hoja itakayoletwa, maana nimeshaisikia kimbwetani: mkiwabembeleza hawa, watazidi. Ndugu yangu, sijawahi kukutana na binti aliyeepuka mimba kwa sababu mwenzake alitukanwa. Ninaowajua mimi ni mabinti waliotukanwa wakaacha kliniki, na watoto wao wakakosa chanjo. Kama kuna kosa, mtoto hakulifanya, lakini adhabu anaila yeye kwanza, kwenye maziwa.

Wengine watasema hatuna wataalamu. Ni kweli hawatoshi. Zimbabwe nao hawakuwatosha. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa Harare, Dixon Chibanda, alianza kufundisha mabibi wa mtaani kusikiliza watu wenye sonona, wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mpango huo unaitwa Benchi la Urafiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na mabibi hao walikuwa na dalili chache za sonona baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu maktaba. Kumbe yule mama wa karanga alikuwa anafanya kazi inayofanyiwa utafiti.

Hapa chuoni benchi tunalo, tunaliita kimbweta. Na akina mama wapo. Yupo anayetoka kwenye mhadhara mara kwa mara kwenda kujibu simu ya dada wa kazi. Yupo ambaye bumu likiingia, siku hiyo hiyo nusu inaondoka kwa simu kwenda nyumbani, halafu mnamwita bahili. Yupo aliyepata sapu ya masomo mawili muhula ambao mwanae alilazwa, na hakumwambia mtu kwa sababu angeanza na sentensi ambayo hapa inachekwa.

Ukiwa ni mmoja wao, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo, dawati la jinsia lipo, nenda hata kama hujui utaanzaje kusema. Ukijikuta mkono wako unamwendea mtoto kama wangu ulivyomwendea wangu, mweke chini mahali salama, toka nje, mwite mtu. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto haitozi.

Na kama hujawahi kuzaa, likizo hii unakwenda nyumbani. Mtaani kwenu, kijijini kwenu, yupo binti mliyesoma naye msingi ambaye sasa ana mtoto mgongoni na watu wanamwita kwa kejeli. Usimpelekee hotuba. Nenda mchana, mshikie mtoto saa mbili, mwambie akalale. Akiamka muulize kama usiku huwa anapata usingizi, halafu usiharakishe kujibu wewe.

Mimi nimeshaweka akiba ya nauli. Nitapanda treni hadi Tabora, kisha ile ya Mpanda. Kwenye begi nina sare ya awali, sketi na sweta, nilizoshonesha kwa kukisia, maana mama alinipimia kwa kamba na kunisomea kwa simu. Nataka nimvalishe mwenyewe. Nitaangalia lile paja, ingawa najua hakuna alama, na siku moja akiwa mkubwa wa kuelewa nitamweleza. Kwa sasa nitaanza na dogo: nitamwambia mimi si dada.

Yule mcheshi wetu naye nimemwambia, juzi, tukiwa wawili. Alinyamaza sana. Kisha akasema mama yake alimzaa akiwa kidato cha pili.